Mrejesho: kumkumbuka Shaaban Robert hapa Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza tumkumbuke vipi Shaaban Robert hapa kwetu Tanga bila fedha za maana. Watoto wa mtaani kwetu Ngamiani wanamjua kwa vitabu vya shule tu. Kwamba kazikwa hapa hapa Machui tangu 1962, hawana habari. Wengi mlinijibu: acheni mabango, nendeni kaburini mkasome. Basi tumekwenda.

Aliyeahidi kutulipia nauli alighairi asubuhi ile ile, tukachangishana. Kaburini tulianza na dua, kisha mashairi. Dada uliyenishauri nitafute mtu wa kughani, si wa kusoma tu, Mungu akubariki sana. Bibi mmoja wa miaka sabini na ushee alighani tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, watoto wakapokea kibwagizo. Kufika ubeti wa tatu walikuwa wanakipokea kabla bibi hajavuta pumzi! Binti mmoja akauliza vina vinapangwaje. Bibi akamketisha, akamhesabia mizani, yaani silabi za kila mshororo, kwa vidole, nane kwa nane, mpaka yule mtoto akatunga mshororo wake mwenyewe palepale. Mie machozi yalinitoka.

Sasa watoto wanataka tukutane kila Jumamosi alasiri, barazani kwangu. Tutaanza na kitabu chake cha Kusadikika. Ninazo nakala mbili tu, zimechakaa, na watoto ni kumi na wanne. Mwenye nakala ya ziada aniambie, nitaifuata popote ilipo hapa mjini.