Sanamu ya bronzi iliyopigwa namba 3/8: ni kazi halisi au nakala?

UkutaMweupe aliuliza:

Wakuu, salaam. Nakusanya kazi za wasanii walio hai. Nilianza na michoro ya akriliki na sasa sanamu zimeniteka. Mfuko wangu si mnene, kwa hiyo natafuta kazi ndogo za watu ambao majina yao hayajavuma, na nachukua ile tu ambayo hata nikishaondoka mbele yake bado inanirudia kichwani.

Msanii mmoja ninayempenda ana kichwa cha mwanamke cha bronzi, na chini yake pamepigwa 3/8. Miaka yote nimeamini kazi halisi ni moja tu duniani. Sasa hao saba wengine ni nini? Ana pia sanamu ya mbao nyeusi, mzee aliyeinamia fimbo, kazi ambayo inanikosesha usingizi kwa uzuri wake, ila mgongoni ina ufa mwembamba kama urefu wa kidole. Niuogope?

Halafu mchoro wangu mkubwa kuliko yote unapigwa na jua la asubuhi pale ulipo. Rafiki ananihakikishia kwamba akriliki haipauki. Ni kweli?

La mwisho, ndugu zangu kila wakiona kitu kipya ukutani huuliza, "Hii itapanda bei lini?" Sijapata jibu linaloniridhisha mimi mwenyewe. Ninyi mnaokusanya mnalichukuliaje hilo?

TezoNaPatasi alijibu:

Mleta mada, karibu upande wetu. Mimi nachonga mbao na kusubu bronzi, yaani kuiyeyusha na kuimimina ipate umbo, kwa hiyo nishike hayo mawili ya mwanzo.

Sanamu ya bronzi huanza kwa kufinyangwa, kwa udongo, nta au plasta. Juu ya hiyo hutengenezwa kalibu, yaani ganda linaloshika umbo lake, na ndani ya kalibu hutolewa umbo la nta. Nta hufunikwa kwa tabaka linalostahimili moto, huyeyushwa ikatoka, na bronzi humiminwa mahali ilipokuwa. Umbo la nta linakufa hapo, lakini kalibu inabaki na inaweza kutoa nta nyingine. Kwa hiyo hakuna "ile moja" ambayo nyingine zinaiga. Zote nane zimetoka tumbo moja, na namba 3 haiizidi namba 7 kwa lolote.

Kinachozipa heshima ni kikomo. Kanuni za kodi za Umoja wa Ulaya huitambua sanamu iliyosubiwa kuwa kazi halisi ya sanaa ikiwa toleo lake halizidi nane na limesimamiwa na msanii au warithi wake. Ufaransa wana desturi ya kuongeza nne za msanii mwenyewe, ambazo huandikwa kwa namba za Kirumi, jumla 12. Utaratibu huo wasanii wengi wa nchi nyingine wameufuata. Basi swali la kumuuliza msanii wako si kama 3/8 ni halisi, maana ni halisi. Muulize za kwake binafsi ni ngapi, kama umbo hilohilo lipo au litakuja kutolewa kwa ukubwa mwingine, na kalibu itafanywa nini nane zikitimia. Muulize pia mwaka wa kusubu, mbali na mwaka wa kubuni. Auguste Rodin, mchongaji wa Ufaransa, alifariki 1917 na mwaka mmoja kabla alikuwa ameikabidhi serikali ya Ufaransa kazi zake pamoja na haki zake. Sanamu zake ziliendelea kusubiwa kihalali baada ya yeye kuondoka. Ni za Rodin, lakini mtu anayelipa ana haki ya kujua kama Rodin mwenyewe aliiona hiyo anayoipeleka nyumbani.

Ukishainunua, tafadhali usiisugue kwa dawa ya kung'arishia chuma. Ile rangi ya kahawia au kijani unayoiona juu imewekwa kwa kemikali na moto, na ni sehemu ya kazi. Vumbi litoe kwa brashi laini, na mara chache paka nta safi, basi.

Kuhusu ufa: mbao ikikauka haisinyai sawasawa. Kufuata mzingo wa duara za mti husinyaa karibu maradufu ya inavyosinyaa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Gogo zima lenye kiini ndani yake lazima litafute pa kupumulia, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Cha kuangalia ni kama ufa umetulia. Weka alama ndogo ya penseli kwenye kipande cha karatasi sambamba na ncha zake, andika tarehe, urudi baada ya msimu kubadilika. Usiuzibe kwa gundi na vumbi la mbao. Unyevu ukirudi mbao itavimba, itakuta nafasi imeshajazwa, na itapasuka mahali pengine pabaya zaidi.

Tena huo ufa ni rafiki yako. Mulika tochi ndani. Mpingo wa kweli ni mweusi au kahawia iliyokolea mpaka ndani ya kiini, ni mzito kiasi cha kuzama kwenye maji, na ukiona sehemu ya njano iliyopauka ni ile mbao ya nje karibu na gome, ambayo wachongaji wengine huiacha makusudi. Ikiwa ndani ya ufa mbao yote ni nyeupe na nje ni nyeusi, imepakwa rangi. Mbao iliyopakwa rangi inaweza bado kuwa sanamu nzuri sana, lakini uambiwe.

NyumaYaFremu alijibu:

Natengeneza fremu na kuponya michoro iliyoumia, na hili la jua linanigusa sana.

Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Plastiki inayoshika rangi katika akriliki inavumilia mwanga vizuri na haigeuki njano kirahisi kama rangi ya mafuta. Lakini kinachopauka ni ule unga wa rangi wenyewe, na unga huohuo unaweza kutiwa kwenye mafuta, kwenye akriliki au kwenye rangi ya maji. Kuna nyekundu na zambarau zinazokufa upesi, na kuna rangi za udongo ambazo zimekaa mapangoni maelfu ya miaka. Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, alichorea Chuo Kikuu cha Harvard michoro mikubwa iliyowekwa 1964 kwenye ukumbi wa kulia chakula wenye madirisha makubwa. Katika ile nyekundu alikuwa ametia aina isiyostahimili mwanga. Kufikia 1979 ilibidi michoro iondolewe, na wekundu wake ulikuwa umeondoka kwa kiwango tofauti katika kila turubai. Mwaka 2014 ilipoonyeshwa tena, wataalamu hawakuthubutu kuigusa kwa brashi. Walitumia projekta kuirudishia rangi zake kwa mwanga tu. Taa ikizimwa, unaona kilichobaki. Mchoro wako uhamishe leo kwenye ukuta ambao jua haliufikii.

Sasa niseme ninalotaka kila mkusanyaji alisikie. Mimi hupokea michoro ambayo aliyeichora hayupo tena, na kila kitu kwangu kinakuwa kukisia. Je, ule mng'aro ni vanishi au ni rangi yenyewe? Kona ile isiyopakwa aliiacha au ilibanduka? Nikikisia vibaya, nafuta kazi ya mtu ambaye hawezi kunizuia. Ninyi mnaokusanya kazi za walio hai mna kitu ambacho hakuna maabara inayoweza kukirudisha: mwenye kujua yupo, anapokea simu. Muulizeni! Wengi hawaulizi, wanaona aibu, wanadhani msanii atajiona anahojiwa. Kinyume chake, sijaona msanii ambaye hafurahi kuulizwa ametumia nini na kwa nini.

Muulize jina la rangi lililo kwenye kichupa, alipaka nini kwenye turubai kabla ya kuanza, kama ametia vanishi na ya aina gani. Ikiwa ni rangi ya mafuta, muulize aliimaliza lini, kwa sababu rangi ikishikika bila kuchafua vidole haina maana kwamba imekauka ndani, na kwa desturi vanishi ya mwisho husubiri miezi 6 hadi mwaka. Muulize inavyotakiwa kuning'inizwa. Usicheke, zile kazi kubwa za El Anatsui, msanii wa Ghana, za vifuniko vya chupa vilivyofumwa kwa waya wa shaba, hazina mkao mmoja, na yeye mwenyewe huwaachia wanaozitundika wazikunje watakavyo. Asingeulizwa, nani angejua kwamba ule uhuru ni sehemu ya kazi? Na muulize angependa ifanyiwe nini ikiharibika. Wengine watakuambia niletee nitengeneze, wengine watasema iache izeeke. Yote mawili ni majibu halali, na ni yake kuyatoa.

Majibu yaandike siku hiyohiyo, na aweke saini. Hicho cheti kiwe na jina la kazi, mwaka, kimo kisha upana, vifaa, na picha ya mbele. Piga picha ya nyuma pia, bila kukosa, pamoja na maandishi, lebo na misumari yake. Mimi huanza na nyuma kila mara. Hata anayekuuzia nakala iliyochapwa kwenye turubai na kupitishwa brashi juu ili ionekane ina mikwaruzo, mara nyingi hujisahau nyuma. Ukitazama mbele kwa kioo cha kukuzia utaona nukta ndogondogo za wino chini ya ile rangi ya juu.

Ukilazimika kukunja turubai kusafirisha, rangi iwe upande wa nje wa bomba, na bomba liwe nene. Akriliki isiguswe na plastiki wala kioo, hasa kwenye joto, inanata.

RafuYaJuu alijibu:

Hilo la bei. Herbert Vogel alikuwa akipanga barua posta usiku, mkewe Dorothy alikuwa mkutubi, New York. Mshahara wa Dorothy uliendesha nyumba na wa Herbert ulinunua sanaa. Walikuwa na masharti mawili: wawe na uwezo wa kuilipia, hata kwa mafungu, na iingie kwenye nyumba yao ya chumba kimoja cha kulala. Walikwenda kwa wasanii wenyewe, wakakaa nao, wakaangalia kazi zikizaliwa. Walifikisha zaidi ya kazi 4,000, na badala ya kuziuza, 1992 waliamua ziende National Gallery of Art, jumba la makumbusho ya sanaa la Washington. Baadaye, 2008, ukatangazwa mpango wa kupeleka kazi 50 kwa kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani.

Upande wa pili yupo Robert Scull, mkusanyaji wa Marekani, ambaye 1958 alinunua mchoro wa msanii Robert Rauschenberg kwa dola 900 na 1973 ukauzwa mnadani kwa dola 85,000. Rauschenberg alikuwepo ukumbini. Hakupata kitu, na hasira yake ilijulikana. Ufaransa tangu 1920 ilikuwa na sheria inayompa msanii fungu kazi yake inapouzwa tena. Marekani haikuwa nayo. Ndugu zako waambie hivi: bei ikipanda, huyo aliyeichora ananufaika vipi? Mimi swali hilo hunipa utulivu. Nanunua kazi ya pili na ya tatu kwa msanii yuleyule wakati bado anahangaika na kodi ya chumba cha kufanyia kazi, na hilo kwangu ndilo pato.

UkutaMweupe aliandika:

Nawashukuru sana, nimeshauhamisha mchoro. Msanii naye nimempigia. Za kwake binafsi ni mbili, kalibu itavunjwa ya nane ikitoka, na ataniandikia hivyo. Ufa ulikuwepo tangu gogo likiwa ghafi, na ndani ni mweusi tii. Nazichukua zote mbili, ya mbao kwanza.

Naomba moja tu la kumalizia: nikiwa na risiti, naruhusiwa kuchapa picha ya mchoro wangu kwenye kadi za harusi ya dada yangu?

NyumaYaFremu alijibu:

Bila ruhusa ya msanii, hapana. Ulichonunua ni kitu chenyewe. Haki ya kukinakili imebaki kwake, na chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwa kawaida inadumu angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeweka 70. Namba yake unayo. Mpigie, mwambie ni kadi za nani na ngapi, na akikubali aandike. Halafu jina lake liwe kwenye kadi.