Kadi ya kukunja mara mbili: paneli za kichwa chini mnazipangaje?

MchapajiDom
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi mbili za mteja mmoja hapa Dodoma mjini, zote zina paneli (sehemu za karatasi kati ya mikunjo) za kichwa chini. Ya kwanza ni kadi ya mchango: A4 iliyosimama, inachapwa upande mmoja tu, inakunjwa mara mbili iwe A6 na kuingia kwenye bahasha ya C6. Ya pili ni vibao vya majina vya mezani kwa semina ya watu 64, jina lisomeke mbele na nyuma. Kadi naifanyia CorelDRAW. Orodha ya majina iko Excel.

Tatizo: kadi ikikunjwa, maandishi ya ndani yamesimama vizuri ila kurasa zimebadilishana nafasi. Ujumbe wa familia uko kulia, namba za kutuma mchango ziko kushoto. Halafu kuhariri maneno yaliyopinduka kunachosha shingo, na kosa la herufi hulioni. Wenzangu mnafanyaje?

FundiMikunjo
Mkuu, acha kompyuta kwanza. Chukua karatasi tupu, kunja nusu ya juu iende nyuma, kisha nusu ya kushoto iende nyuma. Ukiwa umeishika kama kadi, andika 1 kwenye jalada, 2 na 3 ndani, 4 mgongoni, na kila namba iwekee mshale wa kuelekea juu. Kunjua. Utakuta hivi:

juu kushoto: 3, kichwa chini
juu kulia: 2, kichwa chini
chini kushoto: 4, wima
chini kulia: 1, wima

Karatasi hiyo ibandike pembeni ya skrini hadi kazi iishe.

Kurasa zako zimebadilishana kwa sababu umezungusha kila paneli peke yake pale pale ilipo. Panga 2 na 3 zikiwa wima, ubavu kwa ubavu, kama kadi iliyofunguliwa. Chagua zote mbili kwa pamoja, Ctrl+G, andika 180 kwenye kisanduku cha pembe, Enter. Kundi likizunguka lote, 2 inahamia kulia na 3 kushoto yenyewe, hukisii kitu. Angalia tu kitovu cha mzunguko kiwe katikati ya kundi. Kikiwa kimesogezwa, kundi linarukia nje ya ukurasa na unaanza kulitafuta.

Mistari ya kuongozea iweke kwa namba, usiburute kwa macho: wima kwenye mm 105, mlalo kwenye mm 148.5. Kila paneli acha mm 8 hadi mkunjo bila maandishi. Ziada ya kukata ya mm 3 inakaa kwenye kingo nne za nje tu, kwenye mikunjo hakuna.

Bi_Leyauti
Naongezea: ni kuzungusha, siyo kugeuza kama kioo. Vitufe vya kioo viko karibu na kisanduku cha pembe, mkono unateleza kirahisi. Ukibonyeza kimoja tu, maandishi yanasomeka kinyumenyume hata baada ya kukunja. Ukibonyeza vyote viwili, matokeo ni sawa na nyuzi 180.

Na kuhusu shingo: usihariri kitu kilichopinduka, kabisa. Weka faili mama ambalo kurasa zote nne ziko wima, hilo ndilo mteja analisoma na kulisahihisha. Faili la shiti, yaani A4 nzima yenye paneli zilizopangwa tayari kuchapwa, ni la mwisho kabisa. Mteja akibadilisha namba ya simu, rekebisha kwenye faili mama, zungusha upya. Ukirekebisha kwenye shiti peke yake, toleo la pili la kadi litarudi na namba ya zamani.

Wa InDesign wana raha zaidi. Unaweka faili mama ndani ya shiti kwa Place, unalizungusha, na ukirekebisha faili mama unasasisha kiungo tu. Kama ni lazima uandike kwenye shiti lenyewe, kuna Rotate Spread kwenye menyu ya View: ukurasa unageuka machoni pako tu, uchapaji haubadiliki. Illustrator mpya zina Shift+H ya kuzungusha mwonekano, na Ctrl+Shift+1 kuurudisha.

Umemaliza PDF? Ifungue kwenye Acrobat Reader, geuza mwonekano mara mbili kwa Ctrl+Shift na alama ya kujumlisha, usome paneli za juu herufi kwa herufi.

KivuliCheusi
Jambo ambalo wengi hawalioni hadi kadi zimeshakatwa: vivuli. Kwenye Photoshop ukizungusha leya yenye kivuli, maandishi yanageuka ila kivuli kinabaki na pembe yake ileile. Kwenye shiti kinaonekana kinaanguka chini, safi kabisa. Kunja sasa: jalada kivuli kinashuka, ndani kinapanda juu kama mwanga unatoka sakafuni. Dawa ni kukusanya leya zote za paneli ziwe Smart Object (leya moja inayobeba nyingine ndani yake) kwanza, ndipo uzungushe. Kivuli kitageuka pamoja na maandishi.

MchapajiDom
Ahsanteni sana. Kulizungusha kundi zima kumemaliza kadi, 2 na 3 zimekaa mahali pake. Vibao sasa. Kwenye Word nimeingia Text Direction, naona 90 na 270 tu, 180 haipo.

Karatasi250
Haipo, na usiitafute. Text Direction hailazi maandishi kichwa chini. Unachozungusha ni kisanduku chenyewe: Format, Rotate, andika 180. Hakikisha faili ni docx. Kama ni doc ya zamani iliyofunguliwa kwa Compatibility Mode, fremu itazunguka na maandishi yatabaki wima.

Vipimo vya kibao: A4 iliyolala, upande wake wa mm 210 ugawe sehemu nne kutoka juu hadi chini, kila paneli mm 52.5. Ya 1 na ya 4 hazina kitu, zinapandiana chini na kugundishwa kuwa kitako. Ya 2 jina kichwa chini, ya 3 jina wima. Vichwa vya majina yote mawili vinakutana kwenye mkunjo wa katikati. Huo ndio mtihani wa haraka: ukiona miguu ya herufi ndiyo inakutana katikati, umegeuza paneli isiyo yake.

Kwenye Mail Merge, ile ya Word inayovuta majina kutoka Excel, chagua aina ya Letters, weka uga wa jina mara mbili, mmoja ndani ya kila kisanduku. Saizi ya herufi ipime kwa jina refu kuliko yote kwenye orodha pamoja na cheo chake. Ukipima kwa "Asha Juma", yule Profesa Mhandisi mwenye majina matatu atavunja mstari na nusu ya jina itazama nje ya kisanduku.

FundiMikunjo
Karatasi nayo. Kadi ya mikunjo miwili iwe ya gramu 120 hadi 150 kwa mita ya mraba. Ukiweka 250, pale mikunjo inapokatana katikati patafanya makunyanzi na kadi haifungi. Vibao ndivyo viwe 200 hadi 250, lakini vitie alama ya mkunjo kwanza. Kama huna mashine, rula ya chuma na kalamu iliyoisha wino vinatosha: pitisha upande uliochapwa, kisha kunja kuelekea nyuma, ili mfereji wa alama ubaki nje na kinundu chake kibaki ndani.

Kwa hali ya hewa ya kwetu, kiangazi karatasi inakauka, na ikikauka inapasuka kwenye mkunjo, hasa penye rangi nzito ya tona. Rimu ifungue siku ya kazi, inayobaki irudishe kwenye kifungashio chake. Na kata karatasi ili nyuzi zake zifuate mkunjo wa kibao. Chana kipande: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio nyuzi zinakoelekea.

MchapajiDom
Mteja sasa anauliza kama kadi ikikunjwa mara moja tu, ifunguke kwa kwenda juu, na ichapwe pande zote mbili, itawezekana.

Bi_Leyauti
Inawezekana. Nje: nusu ya juu ni mgongo, kichwa chini, nusu ya chini ni jalada, wima. Ndani hakuna cha kupindua, ni ukurasa mmoja mrefu wa A4. Kwenye printa chagua Flip on short edge. Ukiacha long edge, ndani yote itatoka kichwa chini hata kama mpangilio wako ni sahihi.

Karatasi250
Na kwa kazi zote, vibao hasa, chapa kwa Actual size. Ukiacha Fit, shiti linapungua kidogo: mkunjo wa katikati unabaki mahali pake, ile mingine miwili inasogea. Chapa kimoja, kunja, kisimamishe mezani. Kikisimama, endelea na 63 vilivyobaki.