Yule fundi wa betri mnayemjua wote leo kanipigilia MSUMARI

Tairi la Akiba (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa nimekaa kwenye bampa la lori, mikono imejaa grisi, moyo unadunda kama injini inayomisi.

Simtaji jina. Wa nini? Yule wa ovaroli isiyo na zipu, penseli sikioni miaka yote na hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Anajiita injinia. Nusu yenu humu mmeshalia kwake.

Lori lilikuwa linakataa kuwaka. Napiga stata inasema ta-ta-ta-ta, taa za dashibodi zinafifia kama mgonjwa anayeaga. Nafungua sanduku la betri, naona kichwa cha waya wa chanya kimeota unga wa kijani, nyuzi za shaba zimekatika, zilizobaki mtoto wa chekechea anazihesabu. Kazi ndogo! Kata palipooza, kwangua shaba mpaka ing'ae, bana kichwa kipya, kwisha. Ningefanya mwenyewe, ila sina koleo la kubania.

Kaja. Hajauliza ni volti ngapi (betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo, 24 hizo). Hajagusa hasi. Kaanza na CHANYA, kwa spana ndefu kama mkuki, mkia wa spana ukagusa chesisi. Cheche zile zingechomelea geti la jumba. Spana imeng'atwa, ina pengo mpaka sasa. Yeye kasema tu, "Umeme upo."

Nikameza. Akakwangua kichwa kile kile kilichooza, akakirudisha, kikawa kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Akatazama huku, akatazama kule, akainama, akaokota MSUMARI. Chini, wakuu. Mchangani. Akauchomeka kati ya kichwa cha waya na nguzo ya betri, akachukua nyundo. Pa! Pa! Pa! Juu ya betri! Kama anatundika kalenda!

Nikamwambia, "Fundi, huo si msumari?" Akanijibu bila hata kugeuka: "Kwani msumari si chuma? Na chuma si kinapitisha umeme?"

Akaviringisha tepu nyeusi hadi pakafanana na mguu uliovunjika, akasema hiyo ni ya mpaka wajukuu. Lori likawaka. Nikamlipa, mimi fala. Tuta la kwanza taa zikaanza kukonyeza. Nikasimama, nikazima, nikawasha tena: kimya. Hata ile ta-ta-ta sina. Nafungua sanduku, nguzo ina ufa, asidi inachuruzika, naushika msumari nauachia, wa moto!

"Msumari si chuma." Jamani. Utingo wangu kacheka mpaka kakaa chini, na tangu saa ile ananiita Mzee Msumari.

Popo wa Mchana

Uzi bila picha ya msumari ni hadithi.

Bibi Mkali

Samahani mleta uzi, wewe ulikuwa wapi wakati mtu anapigilia?

Tairi la Akiba

Nilikuwa namulika tochi. Ulitaka nani amulike?

Bibi Mkali

😂😂😂 Kumbe mlishirikiana.

Kobe Mwenye Haraka

Mimi namtetea fundi. Lori liliwaka au halikuwaka?

Spana Kumi

Acheni mzaha kidogo. Nguzo ya betri ni risasi, laini, ukiipigilia kitu inapasuka au inalegea kwa ndani. Na msumari unagusa sehemu ndogo tu, stata ya lori inavuta mamia ya ampea, lazima pachemke. Siku nyingine unatoa hasi kwanza, unairudisha mwisho, ili spana ikigusa bodi kusiwe na cheche. Betri inayochajiwa inatoa haidrojeni, cheche moja tu inaweza kuipasua usoni mwako. Ukishaweka kichwa kipya, ncha moja ya mita ya volti juu ya nguzo, nyingine kwenye shaba ya waya, mtu apige stata. Ikisoma nusu volti, hicho kiungo bado ni kibovu. Asidi iliyomwagika imwagie maji yenye magadi ya soda mpaka iache kutoa povu.

Popo wa Mchana

Mhadhara umekwisha? Haya, picha ya msumari.

Nusu Tanki

Huyo huyo! Mimi fyuzi iliungua, akaweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Nikiwasha waipa honi inalia. Nikipiga honi, indiketa ya kushoto. Mwezi mzima nimekuwa nikimsalimu kila mtu wa kushoto.

Kobe Mwenye Haraka

Ila gari liliwaka.

Mama Wawili

Nyie mnamlaumu huyo bure, hamjafika kwa yule wa matairi. Anakaza nati kwa bomba la urefu wa mtu, kisha anapanda juu ya bomba anarukaruka. Stadi mbili zikakatika. Kaniambia "nane zilizobaki zinatosha".

Tairi la Akiba

Pole dada, ila turudi kwenye msumari. Bado nipo barabarani hapa. Mwenye kichwa cha shaba cha waya wa milimita za mraba 70, na koleo la kubania, aje inboksi.

Nusu Tanki

Wa matairi ni malaika. Nendeni kwa yule wa rangi. Nilipeleka mlango mmoja, nimerudishiwa gari la rangi tatu, na kioo kimoja nacho kimepakwa.

Bibi Mkali

Hamjakutana na fundi cherehani wangu nyie.

Mama Wawili

Mungu wangu, usianze na hao!!

Bibi Mkali

Nilimpa kitambaa cha gauni la harusi ya mdogo wangu. Nikaambiwa kesho. Kesho nikaambiwa kesho. Mdogo wangu sasa ana mtoto anayetembea.

Tairi la Akiba

Wakuu, koleo?

Kobe Mwenye Haraka

Wangu alinishonea suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Akanishauri nisimame kwenye mteremko.

Popo wa Mchana

Hiyo suruali tupia picha.