Kocha wa maisha anataka 480,000 kwa mkupuo. Nimlipe?

Dada Stoo, Tabata

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina miaka 34, niko kwenye ghala la vifaa vya hospitali, Vingunguti. Mwezi wa tatu nilipandishwa kutoka mtunza stoo hadi msimamizi, nina watu 9 chini yangu. Wawili kati yao ndio walionifundisha kazi, na mmoja ni rika la baba yangu mzazi. Siwezi kumwambia, "Mzee, hesabu hii irudie." Naichukua naifanya mwenyewe. Wenzangu wanatoka saa kumi na moja, mimi natoka saa mbili usiku, na nikilala naota maboksi.

Kuna kaka namfuatilia Instagram, anajiita kocha wa maisha. Nimemwandikia, kasema shilingi 480,000 kwa wiki 4, zote zitangulie, na nitakuwa mtu mpya ndani ya siku 21. Juzi nimepokea mchezo, kwa hiyo hela ninayo, ila ilikuwa ya ada ya mtoto na bati za chumba cha uani. Mimi kocha namjua yule wa mpira. Huyu wa maisha anafanya nini hasa? Na unamchaguaje? Natanguliza shukrani.

Zamu ya Usiku, Chang'ombe

Dada, hiyo hela usiitume kwanza.

Mimi ni msimamizi wa zamu kiwandani, na mwaka jana nilikaa na kocha mara 6 ndani ya miezi 4. Siku ya kwanza nilienda na daftari niandike atakayonielekeza. Yule mama akaniuliza, "Tukimaliza leo, ungependa uondoke na nini?" Nikazunguka na maneno kama dakika 10, yeye kimya. Kisha akasema, "Mara ya mwisho kumwachia mtu kazi ikakamilika bila wewe ilikuwa lini?" Nikatafuta kichwani, nikakosa. Niliudhika kweli, maana nilijua nimelipa ili niambiwe la kufanya. Lakini kwenye daladala swali lile halikuniacha, na kabla sijashuka nilikuwa nimeamua mwenyewe: ripoti ya Jumanne ataandika kijana wa mashine ya pili, mimi sitaigusa. Ilikuja na makosa mawili, tukakaa naye tukayarekebisha. Kikao kilichofuata tulianzia hapo.

Kwa hiyo huyu si kama kocha wa mpira anayekupangia kikosi. Miaka ya 1970 kulikuwa na mwalimu wa tenisi Marekani, Timothy Gallwey. Badala ya kumwamuru mchezaji shika hivi, piga vile, alimwambia ataje kwa sauti mpira unapodunda na unapogongwa. Mtu akitulia akaona kinachotokea, mkono unajirekebisha wenyewe. Kazi ya kocha wa maisha imechota sana huko. Anakuuliza, anasikiliza, anakukumbusha uliloahidi. Jibu linatoka kwako, kwa sababu wewe ndiye unayemjua huyo mzee wako.

Sasa kuchagua. Daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, lakini jina "kocha" mtu anaweza kuamka kesho akajipa. Muulize amesomea wapi, na ameshakaa na watu kwa saa ngapi. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa 1995, lina ngazi 3 za vyeti: ya kwanza inataka mafunzo ya saa 60 na saa 100 za kazi yenyewe, ya pili 125 na 500, ya juu 200 na 2,500. Akisema anacho, jina lake litafute kwenye tovuti yao. Cheti peke yake hakitoshi, ila anayeudhika kuulizwa, mimi namwacha hapo hapo.

Omba pia mazungumzo ya kufahamiana kabla ya kulipa. Wangu alinipa dakika 30 bure. Hapo pima nani anaongea zaidi. Akikumaliza kwa hadithi za mafanikio yake, huyo ni mhamasishaji, na semina za aina hiyo zipo za bei nafuu. Mwisho, dada, siku 21 hizo anaziahidi vipi na hata jina la kazi yako hajauliza?

Mshauri Nasaha, Kigamboni

Naongeza moja tu. Mdogo wangu, umesema unaota maboksi. Kama ni uchovu wa kazi, sawa. Lakini ikiwa usingizi unakatika wiki baada ya wiki, unalia bila sababu au chakula hakipiti, hapo si mahali pa kocha. Nenda kituo cha afya, au Muhimbili, wana idara ya afya ya akili. Kocha aliyefunzwa vizuri atakuambia hivyo hivyo. Muulize mapema huwa anafanya nini akikutana na hali ya namna hiyo.

Babu wa Ilala

Binti yangu, marahaba. Kabla ya kutoa hata senti, umeongea na huyo mzee? Mwite pembeni, si mbele ya vijana. Mwambie, "Mzee, wewe ndiye ulinishika mkono hapa, nisaidie na hili." Mtu mzima haudhiki kuombwa msaada, anaudhika kupitwa kimyakimya.

Dada Stoo, Tabata

Asanteni sana, jamani. Mnijibu watu wasionijua namna hii, nimeguswa.

Kaka wa Chang'ombe, nilimuuliza yule wa Instagram amesomea wapi. Kajibu, "Wenye mashaka hawafanikiwi," na kunitumia namba ya M-Pesa tena. Nimeachana naye, ada nimelipa leo asubuhi. Dada mshauri, usingizi naupata, ni wiki za kuhesabu stoo tu ndizo zinanisumbua, lakini nitaangalia.

Babu, jana nilimwita mzee nyuma ya ghala. Nilitetemeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilidhani huniamini, ndiyo maana unazichukua." Miezi yote hiyo! Kesho anahesabu glovu yeye na kijana mmoja, mimi natoka saa kumi na moja.

Kocha bado namtaka, kwa sababu wamebaki 8. Kaka, yule mama wako bado anapokea watu? Niandikie pembeni.