Panya buku wanamaliza muhogo, nitege wapi?

MuhogoKimbiji: Wakuu, nina ekari 2 Kimbiji. Panya buku wanafukua muhogo usiku. Mashimo ni mengi, nitajuaje la kutega?

ShambaTu: Mkuu, jioni ziba mashimo yote kwa udongo. Asubuhi, lililofukuliwa ndilo lenye panya. Anzia kwenye vichuguu, mashina ya miembe na mipakani penye majani marefu. Palipopaliliwa huwa hawakai sana. Shimo lenye utando wa buibui mdomoni, achana nalo.

Mtegaji: Naongezea. Huyu hubeba chakula mashavuni, chambo kilicholegea anaondoka nacho. Kifunge kwa waya. Mtego wa panya wa ndani ni mdogo, tumia wa kasha. Na tafadhali vaa glavu, mkojo wake unaweza kukuambukiza.

MuhogoKimbiji: Asanteni, leo jioni naziba.