Canter haiwaki alfajiri tangu nianze kuchanganya mazutu na biodizeli. Nisaidieni

KijanaKampemba:
Jambo sana wakubwa. Niko hapa Lubumbashi, nina Canter ya zamani ya kubeba makala (makaa) na mahindi kutoka upande wa Likasi. Mwezi wa tano nilianza kuchanganya mazutu (dizeli ya kawaida) na biodizeli, yaani dizeli ya mimea, asilimia 20 tu, maana bei ya mazutu imenishinda. Ikaenda vizuri. Tangu baridi hii iingie, saa kumi na moja alfajiri inazungusha lakini haishiki. Jua likipanda, saa nne, inawaka mara moja. Batri ni mpya. Niongeze nini kwenye tenki? Mteja wangu anataka mzigo kabla hakujapambazuka, na usingizi sina.

FundiPampu:
Gari linalokataa kwenye baridi na kukubali kwenye jua, acha batri, tazama mafuta. Biodizeli ya mmea gani? Nani kaipika?

MwalimuMstaafu:
Mwanangu, jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya Diesel, yule Mjerumani aliyeibuni, iliendeshwa kwa mafuta ya kalanga. Na mwaka 1937 Mbelgiji Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hataza ya kugeuza mawese kuwa mafuta ya injini, akiwaza mawese ya Kongo hii hii. Mwaka 1938 basi likaenda nayo kati ya Brussels na Louvain. Watoto wetu hawafundishwi haya, inaniuma sana.

MamaImani:
Mimi linaloniuma ni chakula. Mume wangu aliwahi kuuza bidoni zetu mbili za mawese ili gari lake litembee, tukala sombe bila mafuta mwezi mzima. Gari lenyewe leo liko juu ya matofali. Kijana, fikiria nyumba kwanza.

KijanaKampemba:
Asante Mwalimu, umenipa nguvu. Fundi, ni ya mawese. Anatengeneza shemeji yangu kule Katuba, mtu makini sana.

FundiPampu:
Mawese, hata yakipikwa vizuri yakawa biodizeli kamili, huanza kufanya ukungu kwenye nyuzi 13 hadi 16. Ya soya huvumilia mpaka karibu na sifuri. Alfajiri zetu za mwezi wa sita na wa saba hushuka chini ya nyuzi 10. Yakishaganda huziba filta, injini inakosa kinywaji. Lakini hujanijibu. Shemeji anatia metanoli, ile pombe kali ya viwandani, na soda kali? Anaacha gliserini itulie chini aitoe?

KijanaKampemba:
Anachemsha, anachuja kwa kitambaa mara tatu, anatia petroli kidogo ya taa.

FundiPampu:
Metanoli?

KijanaKampemba:
Hapana. Ila Mwalimu amesema hata Diesel alitumia ya kalanga moja kwa moja. Na ukweli, siku hizi ni nusu kwa nusu, si asilimia 20. Nimeshalipia mapipa matatu, siwezi kuyamwaga. Ninachouliza ni cha kuongeza tu.

MwalimuMstaafu:
Usinitwishe mzigo huo. Chavanne aliyapika mawese pamoja na pombe kali mpaka yakabadilika. Hakuyachuja kwa kitambaa.

FundiPampu:
Basi hiyo si biodizeli, ni mafuta ya kupikia. Ni mazito kama mara kumi ya mazutu. Huacha masizi magumu kwenye noseli na pete za pistoni, kisha hupenya kwenye oili mpaka inakuwa uji. Nimefungua injini ya hivyo kwa mikono yangu, mwenyewe alilia mbele yangu.

MtotoWaKatuba:
Samahani wakubwa, mimi naona hadithi hii imetungwa. Mawese yanaletwa hapa kutoka mbali, nani ayachome wakati sokoni yanauzwa ghali hivi? Na Katuba naishi, sijasikia mtu wa kazi hiyo. Kesho atatuomba mchango.

YayaLikasi:
Na mimi nimeshtuka. Asilimia 20 imekuwa nusu, biodizeli imekuwa mawese. Kesho Canter itakuwa baiskeli.

MamaImani:
Mwacheni mtoto wa watu. Mtu mwenye aibu husema nusu nusu.

KijanaKampemba:
Sijatunga. Leo saa kumi na moja na nusu nimefungua filta. Ndani mumejaa kitu cheupe cha manjano, kama samli iliyolala nje. Nimechota kwa kijiko, nikakishika juu ya moto wa mbabula ya mama: yakawa maji papo hapo, harufu ya samaki wa kukaanga ikajaa uani. Mama ameniangalia tu. Ndiyo, ni mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, yanatoka kantini ya machimbo. Ndiyo maana ni rahisi. Nilijua mngenicheka.

FundiPampu:
Sikucheki. Mafuta yaliyokaangiwa yana maji na asidi, ndivyo vinavyokula pampu. Usiwashe tena. Mwaga tenki lote, safisha mipira ya mafuta, weka filta mpya na mazutu matupu, badilisha oili ya injini. Filta ya pili kaa nayo chini ya kiti, kwa sababu uchafu utaendelea kuja. Na shemeji asijaribu metanoli jikoni: ni sumu, na moto wake mchana karibu hauonekani.

KijanaKampemba:
Tenki nitamwaga leo. Mapipa nayaweka mpaka mwezi wa kumi, joto likirudi hayataganda.

FundiPampu:
Hayataganda, lakini masizi ni yale yale. Joto halipiki mafuta.

KijanaKampemba:
Nimelipa tayari, mukubwa.

MamaSabuni_Ruashi:
Mwanangu, mimi napika sabuni. Mafuta ya kukaangia nayachukua, harufu ya samaki najua kuitoa. Mapipa yamejaa yote matatu? Yana maji chini? Nijibu leo, kesho napita Kampemba na mkokoteni.