Naomba ushauri: kupima mbegu za kiume, Pemba au nivuke Unguja?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, ndoa ina mwaka wa 3, bado hatujajaaliwa. Mke wangu keshapimwa homoni siku ya 21 tangu hedhi ianze, na kapigwa picha ya mirija ya uzazi. Yote salama.

Sasa zamu yangu. Nimeambiwa nikae siku 2 hadi 7 bila tendo, na mbegu zifike maabara ndani ya saa 1. Hapo ndipo penye kazi! Chake Chake wanapima, au nivuke tu? Kuna chumba cha faragha, au unapewa kikopo uende chooni?

Mama kashaanza maneno ya mke wa pili, wala hajui mimi sijapimwa hata mara moja. Aliyepitia anielekeze.